Ndege Inayoshonwa kwa Sindano

Siku za bamvua, maji yakipwa, ufuo wa Kigombe, mkoani Tanga, hurefuka hadi macho yachoke, na majahazi yaliyoletwa kutengenezwa hulala ubavu juu ya mchanga, mkuku ukionekana wote. Asubuhi moja nilimkuta pale fundi mzee amechuchumaa chini ya jahazi, chembeu mkono wa kushoto, nyundo ya mti mkono wa kulia. Alikuwa anakalafati. Anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaipanga kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaigonga polepole, bila haraka hata kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku kwenye kivuli."

Nilimuuliza anajuaje kuwa pamba imeingia ya kutosha, maana kwa macho yangu mwanya ule ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakunijibu kwa maneno. Aligonga mahali pamoja, chembeu ikatoa mlio mkavu, wa juu. Akasogea shubiri mbili, akagonga tena. Safari hii mlio ukawa mzito, kama mtu anayegonga godoro.

"Umesikia? Kule imekaa. Hapa imelala tu."

Akaichomoa pamba yote ya pale, akaanza upya. Zile shubiri mbili zilimchukua karibu nusu saa.

Nilikaa naye mpaka maji yalipoanza kurudi, na muda wote huo nilikuwa nikifikiria ndege. Sizungumzii zile Cessna zinazotua kiwanja cha Tanga siku hizi. Nazungumzia ndege za zamani zenye mabawa ya safu mbili, bawa juu ya bawa, zilizoundwa kwa mbao na kuvikwa nguo. Nimezipenda tangu utotoni, na kadiri ninavyosoma habari za watu wanaozifufua, ndivyo ninavyowaona ndani yake mafundi wa mwambao wetu. Kuna mataruma, kuna uzi, kuna mafuta na nta, kuna sikio linalosikiliza. Hata jina la mji wetu ni neno la kitu kinachoshika upepo kwa kitambaa.

Ndege ninayoipenda kuliko zote iliingia Afrika Mashariki kwa meli. Ni de Havilland DH.51. Kampuni hiyo ya Uingereza iliunda ndege tatu tu za aina ile, ya kwanza ikiruka mwaka 1924. Nia ilikuwa kumpatia mtu binafsi ndege ya bei nafuu, kwa hiyo wakachukua injini zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambazo zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Wakaguzi wa serikali hawakuridhika nayo, kwa kuwa ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwasha moto; mfumo huo ukizimika angani, hakuna wa pili. Ikabidi ifungwe injini nyingine ya nguvu za farasi 120, na unafuu wote ukaishia hapo. Mwaka uliofuata kampuni ikatoa Moth, ndogo na nyepesi, na DH.51 ikasahaulika.

Ya tatu kati ya hizo, yenye herufi G-EBIR, ilinunuliwa na John Carberry, mlowezi mwenye shamba Nyeri. Mwaka 1925 ilipakiwa melini hadi Mombasa, ikapandishwa bara, na mwaka uliofuata ikaruka kwenye anga ya Kenya. Daftari la ndege la nchi hiyo lilipofunguliwa, yenyewe ndiyo iliyoandikwa ya kwanza kabisa: G-KAA, baadaye VP-KAA. Wenyewe wakaiita Miss Kenya. Mwaka 1928 iliuzwa, na miongoni mwa walioinunua alikuwemo rubani Tom Campbell Black, ambaye mwaka uliofuata alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi. Shirika hilo ndilo lililokuja kuunganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kwa ndege za ratiba. Baada ya hapo Miss Kenya ilipita mikononi mwa watu wengine, ikafungiwa ghalani, ikapitisha Vita Kuu ya Pili salama.

Mwaka 1965 iliingizwa ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo ya jeshi la anga la Uingereza, aina ya Beverley, ikarudishwa ilikotoka. Waliopewa kazi ya kuifufua ni wanagenzi, vijana waliokuwa wakijifunza kazi katika kiwanda cha Hawker Siddeley huko Chester. Jambo hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Vijana wa zama za ndege za jeti waliketi mbele ya mbavu za mbao zilizounganishwa kabla ya wao kuzaliwa, wakaambiwa: hizi nazo mtazijua. Mwaka 1973 Miss Kenya ikaruka tena. Leo inatunzwa Old Warden, Bedfordshire, katika hifadhi ya Shuttleworth, na upepo ukitulia bado hupaa.

Hifadhi hiyohiyo inayo DH.88 Comet nyekundu, ambayo Campbell Black huyohuyo na mwenzake C.W.A. Scott walishinda nayo mbio za kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934, kwa muda wa saa 71 hivi. Campbell Black alifariki mwaka 1936 katika ajali ya uwanjani Liverpool. Ndege aliyoimiliki akiwa Kenya na ile iliyompa jina duniani sasa zinatunzwa pamoja.

Wapenzi wa ndege za kale wanazisoma herufi za ubavuni kama sisi tunavyosoma ukoo wa mtu. G ya mwanzo ni Uingereza. VP-K ilikuwa Kenya ya ukoloni. VR-T ilikuwa Tanganyika, kabla ya 5H tunayoiona leo kwenye kila ndege ya Tanzania. Ukipewa mfuatano wa herufi za ndege moja, unajua ilizaliwa wapi, iliolewa wapi, ilirudi kwao lini. Nami nayafurahia mambo hayo, siwezi kukana. Lakini hati ya umiliki hukwambia nani alilipa. Haikwambii nani aliyegundua kwamba boriti ya bawa la chini imeanza kuoza karibu na tundu la bolti, akaikata mpaka kwenye mti mzima, akaunga kipande kipya. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Kuunga kwenyewe kuna adabu yake. Vipande haviungwi kichwa kwa kichwa. Vinachongwa kwa mshazari mrefu, unene mmoja kwa urefu wa kumi au kumi na mbili, ili gundi ipate mahali pa kushika na nguvu ya upepo itambae kutoka kipande hadi kipande bila kukutana na ukuta. Serikali haiamini maneno ya fundi hapo, na fundi mwenyewe hajiamini. Anachukua vibao vya majaribio kutoka mti uleule, anavipaka gundi ileile siku ileile, kisha anavivunja. Kama pamevunjika penye gundi, kazi ya siku nzima inatupwa. Kinachotakiwa ni mti upasuke na gundi ibaki imeshika.

Gundi ndiyo iliyoziumbua ndege za namna hii katika mwambao wetu. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za majini aina ya Sopwith hadi kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Zilikuwa ndege mpya. Jua la pwani likazishinda: gundi ikalainika, mbao zikapinda, injini nazo zikashindwa kuzinyanyua majini kwa joto lile. Hazikusaidia vitani kwa lolote. Zikaletwa nyingine, na hatimaye zikaja ndege za nchi kavu za Henri Farman na Caudron zilizotumia kiwanja kilichosafishwa Mafia kwenyewe. Tarehe 11 Julai 1915 marubani waliokuwa juu wakaelekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey, na Königsberg ikamalizika. Mwaka mmoja kabla, Mjerumani Bruno Büchner naye alikuwa ameleta Dar es Salaam ndege yake ya mabawa ya safu mbili kwa ajili ya maonyesho. Vita vikaanza, jeshi likaichukua, haikudumu.

Ninapoisoma habari ya Sopwith zile namfikiria fundi wa Kigombe. Yeye angeushika ubao, angeunusa, angeuliza umekatwa mwezi gani na umekauka kwa muda gani. Taruma la jahazi hulitafuta msituni likiwa bado tawi, mtondoo uliojipinda wenyewe, ili nyuzi za mti zifuate pindo lote. Joto na chumvi alizihesabu kabla hajanoa tezo. Waliounda Sopwith walikuwa mafundi hodari, ila walihesabu hewa ya kwao.

Baada ya mbao huja nguo, na hapa ndipo ninapoweza kukaa siku nzima. Kitambaa cha asili ni kitani safi, kilichofumwa kwa kubana sana. Hushonwa kwanza kama foronya, kikavutwa juu ya bawa lote. Kisha watu wawili huketi, mmoja upande huu na mwenzake upande wa pili, au mtu mmoja mwenye subira ya wawili, na sindano ndefu kupita unene wa bawa. Uzi ni wa kitani, umepakwa nta. Sindano inapita kando ya ubavu wa mbao, inatokea chini, inarudi juu upande wa pili wa ubavu, na uzi unafungwa fundo. Kisha unaendelea sentimita sita au saba, fundo jingine. Mahali ambapo upepo wa propela unapiga, mafundo husogezwa karibu zaidi. Kila fundo linajitegemea, ili moja likikatika angani jirani yake asifunguke. Bawa moja lina mbavu nyingi, na kila ubavu una mafundo kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma; yahesabu mwenyewe, kisha kumbuka mabawa yapo manne.

Juu ya mishono hubandikwa utepe wenye ncha za msumeno, kisha hupakwa dopi. Dopi ni maji mazito yenye harufu kali ya kupanda kichwani, yanayoingia ndani ya nyuzi za kitani na, yakikauka, kuzivuta. Mkono wa kwanza hupakwa kwa brashi, kwa kusugua. Kitambaa kilichokuwa kimelegea kinaanza kujikaza chenyewe mbele ya macho yako, mikunjo inatoweka mmoja mmoja. Hufuata mkono wa pili, wa tatu, hata wa sita, na kila mmoja unasubiri siku yake, maana hewa ikiwa na unyevu mwingi dopi huchachuka na kuwa nyeupe. Fundi akidhani amemaliza, hukunja kidole akagonga. Bawa lililokazwa vizuri hulia kama ngoma iliyoanikwa juani. Likilia chini ya hapo, kuna mahali palipolegea, naye hupatafuta.

Niliposoma kwa mara ya kwanza habari ya kugonga huko, nilikuwa bado sijakwenda Kigombe. Mlio wa chembeu ndio ulionieleza maana yake.

Na kushona chombo si jambo geni kwetu. Mtepe, chombo kikongwe cha mwambao wa Waswahili, haukuwa na msumari mwilini. Mbao zake zilitobolewa matundu kwa keekee na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ulisafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukatoweka. Fundi wa mtepe na fundi wa kitani wangeelewana bila mkalimani.

Miss Kenya si peke yake iliyopata wenyewe wa mbali; ndege za Kisovieti nazo zimesafiri sana. Antonov An-2 iliruka mara ya kwanza Agosti 1947, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 18,000: Ukraine kwanza, kisha nyingi zaidi Mielec nchini Poland, na Wachina wakaunda zao walizoziita Y-5. Mwili wake ni wa bati, ila mabawa yake mapana bado yamevikwa kitambaa nyuma ya boriti ya mbele. Injini ina mitungi tisa iliyopangwa mviringo, nguvu za farasi 1,000. Inabeba abiria 12, au dawa ya kunyunyizia mashamba, na inaweza kwenda polepole kiasi kwamba mwongozo wa rubani haukutaja kasi ya kuanguka. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, zikatawanyika. Nyingine zilinunuliwa na klabu za wapenzi wa ndege za Ujerumani, Hungaria, Uingereza na Marekani, na ndege iliyonyunyizia mashamba ya ujamaa sasa inasuguliwa kwa kitambaa laini kila Jumapili.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Polikarpov I-153, ndege ya kivita ya mwaka 1938, ambayo Warusi waliiita Chaika, yaani shakwe, kwa jinsi bawa lake la juu linavyopinda penye kiwiliwili. Mnamo miaka ya 1990 Tim Wallis wa Wanaka, New Zealand, aligharimia kufufuliwa kwa tatu kati ya hizo, pamoja na dada zao sita aina ya I-16 zenye bawa moja, kutokana na mabaki ya ndege zilizoanguka wakati wa vita. Hakuwapelekea mafundi wa Ulaya Magharibi. Kazi ilifanyika Novosibirsk, Siberia, kwa mikono ya watu wa huko. Injini za asili hazikupatikana, kwa hiyo zikafungwa injini za An-2, ambazo ni za ukoo uleule na vipuri vyake vilikuwa tele. Shakwe zikavuka bahari hadi New Zealand, zikaruka mbele ya maelfu ya watu, na baadaye zikauzwa, zikapata wenyewe wapya katika mabara mengine. Wenye mali walibadilika. Kila anayezitengeneza hadi leo, popote zilipo, anafuata mishono na vipimo vilivyowekwa na mafundi wa Novosibirsk.

Hapo Wallis alitenda vyema, na nasema hivyo kwa moyo wote. Aliwafuata wenye mikono inayojua. Angeweza kununua mabaki akayapeleka penye karakana zinazong'aa zaidi.

Kwetu Tanga, ndege za mbao na nguo hazikuwa kitu cha kutazama kwenye maonyesho. Shirika la East African Airways lilipoanza kazi Januari 1946, lilikuwa na ndege sita, zote Dragon Rapide: injini mbili, mabawa ya safu mbili, mwili wa plaiwudi, viti sita hadi vinane. Ndizo zilizorithi njia za pwani za Wilson Airways. Abiria alipanda akiwa anasikia harufu ya dopi iliyopashwa na jua, akatazama chini akaona matanga yakielekea Pemba. Rapide ziliundwa zaidi ya 700, na chache zinazoruka leo, kama zile zinazobeba watalii Duxford nchini Uingereza, zinaruka kwa sababu kuna mtu anayejua kufunga fundo la uzi wenye nta.

Kule Chester wanagenzi walikuwa kundi zima. Pale Kigombe, siku niliyokwenda, fundi alikuwa na kijana mmoja, mjukuu wake, mwenye umri kama miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kusokota pamba na kumpa babu. Baadaye, maji yalipokuwa yamebakisha hatua ishirini kutufikia, mzee alimwachia nyundo. Kijana akagonga mara tatu, akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Babu, hapa bado." Mzee akasogea, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Wakaichomoa.

Ombi langu ni kwa walimu wa useremala wa VETA na wa vyuo vyote vya ufundi kuanzia Mkinga hadi Pangani. Wapelekeni vijana wenu ufuoni wakakae na mafundi wa majahazi, si kwa ziara ya saa moja, bali kwa muhula mzima, na mafundi hao walipwe kama walimu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Fundi wa Kigombe huwa ameshafika tangu saa mbili, na nafasi chini ya lile jahazi inawatosha wanafunzi sita.